Wazee wa Rufiji na Dini Zao, Toka Zamani Hata Leo

Jioni hii tunataka kuwaeleza jambo ambalo kila mtu mwenye mzazi hulijua, lakini ni wachache walioketi wakalifikiri sana. Jambo lenyewe ni hili: dini humfaa nini mtu aliyekwisha kuwa mzee?

Swali hili hatukulitunga sisi. Siku moja tulikuwa darasani tukiwafundisha vijana wanaosomea ualimu habari za pwani ya kusini, na mmoja wao alisimama akasema, "Mwalimu, bibi yangu yupo Kibiti. Nguvu za kulima hana, na macho yake hayaoni vema, lakini huswali sala zake tano, wala hanung'uniki. Je, mtu mwenye dini namna hiyo ana haja ya nini tena?" Wenzake walicheka kidogo. Sisi hatukucheka, maana tuliona kwamba katika swali lile mna kweli na mna hatari. Kweli ni kwamba dini humpa mzee raha ya moyo ambayo fedha hainunui. Hatari ni kwamba dini ya mzee yaweza kugeuka kuwa udhuru wa kijana. Tulimwomba atungoje, tukaanza kutafuta jibu katika habari za nchi yake mwenyewe. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza tuijue nchi. Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, ukashuka kuelekea mashariki mpaka bahari ya Hindi. Ukikaribia bahari hugawanyika mikono mingi, kila mkono na jina lake, kama Simba Uranga na Kikunya, na katikati yake ni visiwa na misitu ya mikoko. Misitu hiyo ndiyo mikubwa kuliko yote ya namna yake iliyo mahali pamoja katika Afrika ya Mashariki, na ng'ambo yake ni kisiwa cha Mafia. Watu wa huko ni Warufiji na Wandengereko, na upande wa kusini, milimani, ni Wamatumbi. Kazi zao toka zamani ni kilimo cha mpunga, uvuvi, na kukata boriti za mikoko zilizopelekwa Arabuni kwa majahazi. Kibiti ni mji ulio katika njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi. Zamani ulikuwa ndani ya Wilaya ya Rufiji, hata katika miaka ya 2010 Kibiti na sehemu za midomo ya mto zikatengwa kuwa wilaya mbalimbali na Rufiji.

Mto huu hufurika. Mafuriko ya kiasi ni neema, kwa sababu huacha udongo mwema, na maji yakipungua watu hupanda mazao ya mlau katika unyevu uliobaki. Mafuriko makubwa ni msiba. Basi mkulima wa bondeni ana haja ya kumbukumbu: mwaka gani maji yalifika kwenye mti gani, na alama gani zilitangulia. Kabla ya kuandikwa vitabu, kumbukumbu hiyo ilikaa katika vichwa vya wazee. Ndiyo maana watu wa nchi hii, hata kabla ya dini za kitabu kuwafikia, hawakumhesabu mzee kuwa mzigo. Walimhesabu kuwa ghala.

Katika dini ile ya kale mzee alikuwa na kazi nyingine kubwa zaidi. Watu waliamini kwamba waliokufa hawakwenda mbali, na kwamba hutazama mambo ya jamaa zao, wakafurahi au wakakasirika. Mvua ikikawia, au ugonjwa ukiingia nyumbani, ilipasa wafu wakumbukwe kwa tambiko. Ni nani awezaye kusema nao? Si kijana, kwa kuwa hakuwajua. Ni yule aliyekula nao, akawazika kwa mikono yake. Mzee alishika unga na maji, akaita majina yao mmoja mmoja, na jamaa nzima walinyamaza kumsikiliza. Mtu aliyekuwa hawezi tena kuinua jembe alikuwa bado aweza kuinua sauti yake kwa ajili ya ukoo wote.

Mambo yaliyopita nguvu za ukoo mmoja yalipelekwa mbali zaidi. Penye mto Rufiji palikuwapo mahali pa Bokero, na katika milima ya Uluguru mahali pa Kolelo, na watu walisafiri siku nyingi kwenda kuomba mvua na mavuno. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tulifundishwa kuyaita haya yote ushenzi na kupita upesi. Leo twasema kwamba mwalimu akipita upesi hapa, hataelewa yaliyofuata. Wala hatutaki kuipamba dini hiyo kupita kiasi. Heshima nyingine ilikuwa na hofu ndani yake. Baadhi ya vijana walimlisha mzee wakiogopa laana yake, si kwa kumpenda. Lakini chakula kilifika, na mzee alijua kwamba siku atakayokosekana patakuwa na pengo.

Sasa twaja kwenye mambo ya mwaka 1904. Nchi ilikuwa chini ya Wadachi, nao walitawala kwa maakida na majumbe, wakatoza kodi. Tangu mwaka 1902 waliwalazimisha watu wa pwani kulima mashamba ya pamba ya shirika, kwa malipo madogo mno. Wakati ule palikuwa na mtu jina lake Kinjikitile Ngwale, aliyekaa Ngarambe, katika nchi ya Rufiji karibu na milima ya Wamatumbi. Wazee walihadithia kwamba alishikwa na pepo, akaingia katika ziwa la mto akazama, na jamaa zake wakamlilia kama mfu. Kesho yake alitoka majini, na nguo zake zilikuwa kavu. Akaanza kuhubiri, na habari yake ikaenea.

Ninyi wanafunzi mwajua habari ya maji yake, yaliyosemwa kwamba hugeuza risasi kuwa maji. Lakini sikilizeni jambo ambalo mara nyingi halisemwi shuleni. Watu wengi waliokwenda Ngarambe walivutwa na habari nyingine, nayo ni kwamba Kinjikitile alisema wafu wao hawakupotea, na kwamba watarudi. Fikirini neno hilo lilivyosikika masikioni mwa mzee. Alikuwa amezika wake na watoto. Aliona akida kijana akimwamuru mbele ya wajukuu wake. Kazi yake ya kusema na wafu haikuwa na maana tena mbele ya dola iliyotaka pamba tu. Kisha akaambiwa kwamba baba zake wako hai na wanakuja. Tusishangae basi kwamba makundi kwa makundi yalishika njia kwenda Ngarambe.

Mwisho wa mambo hayo twaujua. Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Wadachi walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Vita ilienea kusini yote, ikaendelea mpaka mwaka 1907. Wadachi walichoma vijiji na maghala ili njaa iwashinde wale ambao bunduki haikuwashinda. Serikali ya Kidachi ilikadiria kwamba walikufa watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kuwa walikufa watu kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Na katika njaa kila mtu ajua wanaotangulia: ni mtoto mchanga na mzee.

Hapa twapata fundisho la kwanza. Dini humpa mzee matumaini, na matumaini ni kitu chenye nguvu sana, chaweza kumwinua mtu na chaweza kumwangamiza. Kwa hiyo anayewahubiria wazee ana dhamana kubwa. Anaposema nao, anazigusa huzuni zao zote za maisha.

Katika miaka iliyofuata vita, Uislamu ulienea upesi katika nchi za kusini. Pwani yenyewe ilikuwa na misikiti kwa karne nyingi, lakini watu wengi wa bara hawakuwa wamesilimu kabla ya vita. Baadaye walikuja walimu wenye misahafu, wakaoa huko, wakafungua vyuo, na watoto wakasomeshwa chini ya miti na barazani. Watu walikuwa wamepoteza wafu wao mara mbili, kwanza kwa kifo na pili kwa ahadi isiyotimia, nao walihitaji namna mpya ya kuwazika na kuwakumbuka.

Je, dini hii mpya ilimpa mzee nini? Tulipochungua tuliona mambo matatu.

La kwanza, iliupa uzee wake mahali katika sheria. Asiyeweza kusimama huswali akiwa amekaa, asiyeweza kukaa huswali akilala, hata kwa ishara ya kichwa. Ambaye maji yatamdhuru hutayamamu kwa udongo. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani huacha, akatoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyoiacha. Hata imamu ameagizwa na Mtume asirefushe sala ya jamaa, kwa kuwa nyuma yake wamo wadhaifu, wagonjwa na wazee. Huu si upole wa mtu mmoja mwenye huruma, ni kanuni. Mwili ukipungua dini humpunguzia mzigo, wala haimtoi katika safu.

La pili, iliyapa maisha yake saa. Mtu aliyezoea shamba huamshwa na kazi. Nguvu zikimwisha, siku zake zote huwa sawasawa, na jambo hilo huchosha kuliko kulima. Lakini mwenye sala tano ana alfajiri yake, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Kuna Ijumaa iliyo tofauti na Alhamisi. Kuna mwezi wa maulidi, mwezi wa kufunga na sikukuu. Mzee huyo hajui tu kwamba muda unapita, anajua pia yupo wapi ndani yake.

La tatu, na kwa maoni yetu ndilo kubwa, ilimpa watu na kazi. Kazi ya kuita majina ya wafu haikufa, ilibadili nguo. Siku hizi mzee huongoza dua katika hitima, hukumbuka siku ya arobaini, hujua nani alizikwa wapi na deni lipi halijalipwa. Mabibi wazee huwafundisha wanawake vijana namna ya kumwosha na kumvika sanda mwanamke mwenzao. Kijiji kinapopatwa na msiba, wa kwanza kutafutwa ni yule asiyeweza kulima. Hapo methali yetu yatimia, kwamba penye wazee haliharibiki neno.

Tena wapo wazee ambao hawakuwa na ukoo wa kuwaangalia. Msisahau kwamba pwani hii ilikuwa njia ya utumwa. Wadachi waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru, na utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922, katika utawala wa Waingereza. Lakini sheria haimrudishii mtu mama yake. Palibaki watu wazima waliotekwa utotoni katika nchi za mbali, nao walizeeka pwani bila mjomba wala shangazi. Hao wengi waliingia katika tarika, hasa Kadiria, ambayo dhikiri zake zilimkaribisha mtu bila kumwuliza kabila lake. Mfano mwema uko Bagamoyo, katika mkoa huu huu wa Pwani. Sheikh Yahya bin Abdallah, aitwaye Sheikh Ramiya, aliletwa kutoka Kongo akiwa mtumwa. Alisoma, akawa khalifa wa Kadiria, akawa pia liwali wa Bagamoyo, na hata alipofariki mwaka 1931 wafuasi wake walikuwa wameenea mbali. Mtu asiyekuwa na ndugu alipata ndugu. Alipozeeka alikuwa na mkono wa kumshika, na alipokufa alikuwa na bega la kulibeba jeneza lake.

Ndugu wasikilizaji, tukikoma hapa tutakuwa tumesema nusu ya kweli. Yako mambo yanayotembea chini ya mwavuli wa dini na uganga ambayo humtesa mzee badala ya kumtuliza. Kubwa ni kutuhumiwa uchawi. Mtoto akifa, au mpunga ukiharibika, kuna watu ambao macho yao huelekea kwa bibi kizee akaaye peke yake. Katika pwani ya kusini walipita waganga wa kufichua wachawi. Mmoja aliyejulikana sana ni Nguvumali, ambaye Hasani bin Ismail alimtungia utenzi uliopigwa chapa mwaka 1968. Watu wengi waliwashukuru waganga hao wakidhani nchi imesafishwa. Lakini mfikirieni yule aliyetajwa mbele ya kijiji, naye hana neno la kujitetea. Na katika Usukuma mambo yamekwenda mbali zaidi: toka miaka ya 1970 mabibi wengi wameuawa kwa tuhuma hizo, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na wekundu huo waliupata kwa moshi wa meko walipowapikia watoto wao miaka 50. Dini yoyote isiyosimama mbele ya mlango wa bibi huyo kumkinga, haijamfaa kitu.

Liko jambo jingine ambalo nchi ya Rufiji ilitufundisha. Mwaka 1968 mto ulifurika sana. Serikali iliona ni afadhali watu wa bondeni wahamie mahali palipoinuka, wakae pamoja karibu na shule, barabara na zahanati. Mpango huo uliitwa Operesheni Rufiji, na watu wakahamishwa kwenda vijiji vipya. Faida zilikuwapo, wala hatuzikani. Lakini mashamba mema yalibaki bondeni. Ikawa watu hushuka kwenda kulima, wakakaa miezi katika madungu, zile nyumba zilizojengwa juu ya nguzo wanamolindia mazao, na vijiji vya juu vikabaki na watoto wa shule na wazee.

Kwa kijana kuhama ni kubeba mzigo. Kwa mzee kuhama ni kuyaacha makaburi. Msikiti waweza kujengwa tena mahali popote kwa miti na makuti, na kweli ulijengwa. Kibla ni kile kile, adhana ni ile ile. Hapo twaona nguvu ya dini ya kitabu kwa mtu aliyehamishwa, kwa kuwa yeye hubeba sala yake kifuani. Lakini kaburi halihamishiki, na kwa mzee aliyezoea kwenda kumwombea mkewe kila Ijumaa, safari ya saa nyingi ni sawa na ukuta. Msidhani mambo haya yamekwisha. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliwatoa watu wengi tena katika makao yao huko Rufiji na Kibiti. Mtu anayewasaidia waliohamishwa asihesabu magunia ya unga tu. Na aulize pia: wazee wataswali wapi, na nani atawapeleka?

Tuje sasa kwenye siku zetu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, watu waliacha kungojea kivuko cha Ndundu, na Dar es Salaam ikawa karibu. Vijana wakaenda kutafuta riziki, na wazee wakabaki wakilea wajukuu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, katika Tanzania nzima karibu watu 6 kati ya kila 100 wana umri wa miaka 60 au zaidi. Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi fedha za kila mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Tanzania Bara haijawa na malipo ya namna hiyo kwa kila mzee. Mkulima wa Rufiji hutegemea watoto wake, jirani zake, na wale anaoswali nao.

Ndipo twaona tena kazi ya dini, nayo si ya moyoni tu. Zaka imewekewa watu wake katika Kurani, na mafakiri na maskini ndio waliotajwa kwanza. Futari ya Ramadhani humfikia bibi asiyekuwa na mpishi. Mzee asipoonekana sala ya alfajiri siku mbili, mtu huulizwa aende kumtazama. Mwajua wenyewe maana ya jambo hilo: wengi hufa peke yao si kwa kukosa dawa, bali kwa kukosa mtu wa kugundua kwamba wanaumwa. Kadhalika na sisi Wakristo, ambao ni wachache katika nchi hiyo, mzee asiyefika kanisani Jumapili hutembelewa nyumbani. Kurani yaweka wema kwa wazazi mara tu baada ya kumwabudu Mungu, hata kumkemea mzazi kwa neno dogo la kuchoka imekatazwa. Nasi katika Amri Kumi tumeagizwa kuwaheshimu baba na mama. Katika jambo hili hatuna la kubishana.

Lakini sala haishushi shinikizo la damu, wala dua haiondoi mtoto wa jicho. Mzee mwenye jicho lililofunikwa aweza kupasuliwa akaona tena, na aliyeachwa asikae gizani miaka 10 kwa kuambiwa avumilie, kwa kuwa ni mapenzi ya Mungu. Subira ni fadhila ya yule anayeteseka. Haiwi fadhila ikihubiriwa na yule awezaye kusaidia naye hataki.

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi wetu. Wakati wa likizo tulikwenda Kibiti, tukakaa barazani kwa mzee mmoja ambaye hatutamtaja jina. Tulimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikia, "Marahaba, wanangu, karibuni." Msikiti ulikuwa ng'ambo ya barabara kuu, hatua 200 hivi. Malori ya Lindi na pikipiki zilikuwa zikipita kwa kasi. Tukamwuliza kama dini yake yamfaa katika uzee. Akasema yamfaa sana, na kwamba bila hiyo angalikuwa amekwisha kufa kwa mawazo. Kisha akanyamaza, na adhana ya alasiri ikaanza. Hakuinuka.

Tukamwuliza, "Babu, huendi?"

Akajibu, "Adhana naisikia mara tano, wanangu, lakini msikitini nafika magharibi tu, mjukuu wangu akirudi. Miguu bado inayo nguvu kidogo, bali macho hayaioni pikipiki mpaka imekwisha fika. Nikiswali hapa nyumbani sala yangu ni sahihi. Mungu ameniondolea wajibu wa kwenda, lakini hamu hakuniondolea."

Mmoja wetu aliinuka akamshika mkono, wakavuka barabara. Tuliobaki tuliwaona watu mlangoni wakimsogezea nafasi, na mmoja wao akamwondolea viatu. Alirudi baada ya sala akiwa na habari za mji mzima: nani ameoa, nani anaumwa, mpunga unauzwaje. Sauti yake ilikuwa nyingine.

Basi jibu letu kwa kijana yule ni hili. Ndiyo, dini yamfaa bibi yako, tena sana. Yampa saa, yampa kazi, yampa watu, na yampa namna ya kukaa karibu na wafu wake bila kuogopa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wazee walioshika unga wa tambiko, na ndivyo ilivyo kwa wazee washikao tasbihi. Lakini katika kila zama tulizozitaja, faida hiyo ilipita katika mikono ya watu wengine. Tambiko lilihitaji jamaa wa kusikiliza. Tarika ilihitaji ndugu wa kulibeba jeneza. Msikiti wahitaji mjukuu wa kuvusha barabara. Kusema kwamba bibi ana dini yake hana haja ya kitu ni kumpa mtu taa na kumnyima mafuta.

Ninyi wanafunzi mnaosikiliza, kesho yatazameni makao yenu. Ni mzee gani husikia adhana au kengele naye haendi? Mwulizeni sababu. Huenda ni barabara, huenda ni mtaro usiokuwa na daraja, huenda ni kanzu moja iliyochakaa ambayo aona haya kuivaa mbele za watu. Mambo hayo hayahitaji mhandisi wala hazina ya serikali. Na mkiisha kumfikisha, ketini naye kidogo, mkamwulize habari za zamani. Mwaka 1968 Gilbert Gwassa na John Iliffe walipopiga chapa kumbukumbu za vita vya Maji Maji, sehemu kubwa ya thamani yake ilikuwa maneno ya wazee wa nchi hizi, walioulizwa wakati pumzi zao zilikuwa bado zipo. Wasingaliulizwa, leo tungalijua yale tu yaliyoandikwa na Wadachi.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo kwa jioni hii. Mwenye mzee nyumbani na azime redio, aende akamwulize kama amekula, na kesho Ijumaa nani atampeleka. Kwaherini.